Kwa Nini Kanu Huua Banda Zima

Wafugaji wa kuku wa kienyeji wanaijua asubuhi ya namna hii. Unafungua banda, jogoo hajawika, na kuku wametapakaa chini, shingo zimetafunwa. Mmoja hayupo. Waliobaki hawajaliwa hata paja. Mwizi wa miguu miwili angewabeba, na mnyama mwenye njaa angekula akaenda zake. Ndipo majirani wanapoanza kuulizana ni nani ana kinyongo na mwenye nyumba.

Maelezo yapo, na sehemu yake ilipatikana Serengeti. Hans Kruuk, mtafiti kutoka Uholanzi aliyekuwa akichunguza fisi huko miaka ya 1960, aliandika juu ya usiku mmoja wa Novemba 1966 ambapo fisi 19 waliua swala tomi 82 na kujeruhi vibaya wengine 27. Nyama iliyoliwa ilikuwa kidogo tu. Uingereza nako alikuta mbweha wakiwamaliza shakwe waliokuwa wameatamia viotani, hasa katika usiku wa giza totoro. Mwaka 1972 alieleza kwamba kwa mla nyama, kutafuta windo, kuliua na kulila havisukumwi na hamu moja. Shibe huzima hamu ya kutafuta. Haimzuii kuuma kinachopapatika mbele ya pua yake. Porini jambo hilo halionekani mara nyingi, kwa sababu mmoja akikamatwa wenzake hutimka.

Kuku hatimki. Mababu zake ni kuku mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao hadi leo hulala juu ya miti na kutulia mpaka kuche. Jicho lake limeumbiwa mchana: lina seli nyingi za kutambua rangi, hata mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, lakini seli za kuonea gizani ni chache. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kumchukua jogoo mkali saa tatu usiku kama anachukua mto kitandani. Kanu, yule mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia wa pingili nyeusi na nyeupe, ana utando nyuma ya jicho unaourudisha mwanga upite mara ya pili. Mmulike kwa tochi, utaona macho yanawaka. Muweke huyo pamoja na vipofu kumi wa usiku katika chumba kisicho na pa kukimbilia, na hesabu ya asubuhi haishangazi tena.

Kwa hiyo banda ni la kumlinda kuku au ni la kumfungia pamoja na muuaji wake, na tofauti iko kwenye matundu. Wavu mwembamba wa pembe sita unaouzwa kila duka la vifaa humzuia kuku asitoke, basi. Nyegere huurarua kwa kucha. Kanu hahitaji hata kuurarua ukiwa umelegea pembeni, kwani panapopita kichwa chake, kiwiliwili hufuata. Wavu unaofaa ni wa nyaya zilizochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Ni ghali, lakini si lazima uzungushe banda zima. Weka ukuta wa mbao au matofali, na wavu huo ubaki kwa madirisha tu. Chatu naye huingia kwenye upenyo mdogo, akameza kuku, kisha uvimbe wa tumbo ukamzuia kutoka alikoingilia. Huyo angalau utamkuta.

Wachimbaji huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Laza wavu chini kuelekea nje, upana wa nusu mita hivi, uufukie kidogo. Mnyama akichimba ukutani hukutana na chuma, na kwa kawaida hafikirii kurudi nyuma aanzie mbali. Banda la kuinuliwa kwa nguzo humaliza shida hiyo kabisa.

Kuhusu taa, sina imani nazo sana. Zile za kumetameta alizobuni Richard Turere akiwa bado mtoto, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, zilikusudiwa simba. Balbu inayowaka palepale kila usiku, mnyama anayeishi uchochoroni mwenu ataizoea. Sumu ndiyo mbaya zaidi: inaua mbwa wa jirani na bundi, na kanu akiisha, panya aliokuwa akiwala watahamia kwenye pumba na mayai yako.

Kinachosaidia kuliko vyote ni saa. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama wima, magharibi ni dakika ishirini na kitu tu. Kuku huingia wenyewe. Wewe hesabu, kisha funga kwa komeo, maana kitanzi cha kamba si mlango.

Yupo adui mmoja anayegeuza ushauri huu wote juu chini. Siafu hawaoni, hufuata harufu, na msimu wa mvua msafara wao hupenya popote. Kuku aliyefungiwa humalizwa palepale kwenye kichanja. Nguzo za banda zikisimama ndani ya makopo ya oili chafu, mara nyingi hawapandi. Lakini wakishaingia, acha kupambana nao: fungua mlango, watoe kuku mmoja mmoja kwa mkono, kwa kuwa gizani hawatatoka wenyewe, uwafungie jikoni hadi msafara upite.