Gari Limekuja

Sogeeni karibu. Msichana wa hadithi ya leo hana mabawa wala hirizi. Ana gambuti miguuni na ujumbe wa maneno mawili mdomoni. Tumwite Kendi, kwa sababu Meru jina hilo halikosekani darasani.

Kendi anaishi Githongo, Imenti ya Kati, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya. Ukipanda kuelekea msituni ni chai tupu. Ukishuka, unakutana na kahawa na migomba. Siku hiyo ukungu ulikuwa bado haujaondoka shambani. Mama yake alikuwa ng'ambo ya kijito akichuma: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, huku kikapu kikizidi kulemea mgongo. Nyumbani, simu ya nyanya ikalia. Jirani aliyekuwa kituoni, pale wakulima wanapopimiwa majani yao, alikuwa na habari: lori la kiwanda limewahi kufika leo.

Nyanya akamgeukia Kendi. "Kimbia umwambie mama gari limekuja!"

Kendi akatimua mbio hadi ukingoni mwa kijito. "Mama! Gari limekuja!" Maji yalikuwa yanavuma, na mbwa wa jirani alikuwa amechagua dakika hiyohiyo kubweka. Mama akainua kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Kendi akarudia, mara hii akinyoosha mkono kuelekea kituoni. Mama akapunga mkono juu, akaanza kufunga mzigo wake.

Lakini kulikuwa na sikio jingine. Binamu yake Kendi, aliyekuja kutoka Nairobi kwa likizo, alikuwa kwenye migomba upande wa huku. Alisikia kila neno. Akaingia nyumbani mbio, akaanza kusukuma nguo zake ndani ya begi.

"Unaenda wapi, mjukuu wangu?" nyanya akauliza.

"Si gari limekuja, nyanya? Nitaachwa!"

Nyanya alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Sasa tuivue hadithi hii nguo tuone mifupa yake. Watu wanaosomea mawasiliano huita mifupa hiyo kwa majina. Aliye na jambo la kusema ni mtumaji. Jambo lenyewe ni ujumbe. Sauti iliyopita hewani juu ya kijito ni njia. Mama ni mpokeaji. Maji na mbwa ni kelele. Kile kiganja nyuma ya sikio ni mrejesho, yaani jibu linalomrudia mtumaji limwambie: rudia, sijakupata. Bila kiganja hicho Kendi angerudi nyumbani akijisifu, na majani ya mama yangekosa lori.

Wataalamu hupenda kuchora mambo haya kwa visanduku na mishale, na mchoro wa namna hiyo huuita kielelezo. Kielelezo ni kama ramani ya Githongo uliyomchorea mgeni mchangani kwa kijiti: itamfikisha sokoni, ila haitamwonyesha matope wala kumnusisha mandazi. Msikichukie kwa sababu hiyo. Ulizeni tu kilichorwa na nani, na alikuwa anatafuta nini.

Kielelezo maarufu kuliko vyote kilitokana na kazi ya Mmarekani aliyeitwa Claude Shannon. Alipokuwa mtoto, katika mji mdogo wa Gaylord, Michigan, alifanya jambo ambalo naona mtoto yeyote wa Imenti mwenye utundu angelifanya. Rafiki yake aliishi nusu maili hivi kutoka kwao, na katikati palikuwa na ua wa seng'enge. Shannon akaigeuza seng'enge hiyo kuwa waya wa telegrafu, akawa anampelekea rafiki yake ujumbe kupitia ua wa shamba. Alipokua akaajiriwa katika maabara za Bell, za kampuni ya simu, na mwaka 1948 akachapisha nadharia ya kihesabu ya mawasiliano. Mwaka uliofuata ikatoka kama kitabu, pamoja na maelezo ya Warren Weaver.

Shannon alitaka kujua jambo moja: ujumbe utapitaje kwenye waya wenye kelele na kufika ukiwa mzima? Sehemu moja ya jibu lake ni kuongeza kitu cha ziada. Kendi alipoita mara ya pili na kuongeza mkono, alikuwa anafanya hesabu za Shannon bila kalamu. Hata wewe mtandao unaposumbua husema, "M ya Meru, sio N ya Nanyuki." Kwa hiyo nyanya anaporudia agizo mara tatu kabla hujavuka lango, mvumilie. Anaijua njia utakayopita, na marafiki utakaokutana nao.

Lakini mtazameni binamu tena. Yeye kelele haikumgusa. Hakuna herufi iliyopotea. Kwa mizani ya mhandisi, ujumbe ulimfikia salama kuliko ulivyomfikia mama. Na bado yeye ndiye aliyefungasha begi! Shannon hakuwa mjinga. Alisema waziwazi kwamba maana ya ujumbe si sehemu ya tatizo la mhandisi. Waya haujali kama unabeba salamu au matusi.

Aliyemshughulikia binamu, kwa namna ya kusema, ni Mmarekani mwingine, Wilbur Schramm. Mwaka 1954 alichora duara mbili, moja ya msemaji na nyingine ya msikilizaji. Ndani ya kila duara mna yale mtu aliyoyaishi: lugha yake, kazi yake, vijiji alivyotembea. Pale duara zinapopandiana ndipo maelewano yanapopata nafasi. Mama na Kendi wameamka miaka yote kwa saa za lori la kiwanda. Duara zao zinakaribia kuwa moja. Binamu amekulia mahali ambapo gari ni matatu, na matatu haimngojei mtu. Hakukosea kusikia. Alijaza pengo kwa maisha yake mwenyewe, na hivyo ndivyo tunavyofanya sote.

Mahali, wakati, desturi na uhusiano wa wanaozungumza, vyote kwa pamoja tunaviita muktadha. Wakati mwingine muktadha hubeba mzigo wote na maneno yakabaki bila kazi. Nenda upande wa Nyambene, kwa Waigembe na Watigania. Kijana anapoanza kuposa kwa kufuata desturi, wazee hupeleka nchoolo, kitita maalumu cha miraa, kwa wazazi wa msichana. Kitita kikipokewa, jibu limeanza kutoka. Mgeni aliyeketi hapo angeona miraa ya kutafunwa, basi.

Idadi ya watu nayo hubadilisha mambo. Unapojiuliza kimoyomoyo kama ulifunga mlango wa mbuzi, unawasiliana na nafsi yako. Mama na Kendi ni wawili. Wakulima wakikutana kulalamikia bonasi ya chai ni kundi, na hapo hata kujua zamu ya nani kusema ni kazi. Kisha kuna redio. Muuga FM ikitangaza kwa Kimeru, msemaji mmoja anafika jikoni, dukani na ndani ya matatu kwa wakati mmoja, lakini haoni uso hata mmoja. Mwaka uleule wa 1948 Shannon alipochapisha nadharia yake, mtaalamu mwingine, Harold Lasswell, alipendekeza tuulize maswali matano: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na kunatokea nini? Jaribuni maswali hayo kwenye tangazo lolote la wakati wa kampeni. La kwanza na la mwisho ndiyo magumu.

Anabaki Dean Barnlund. Mwaka 1970 alikataa habari ya mmoja kutuma huku mwingine akipokea kwa zamu. Alisema wote wawili hutuma na kupokea kwa pamoja, hata wanapodhani wamenyamaza. Mimi nampenda kuliko wenzake, ingawa michoro yake ina mishale mingi mpaka inachosha macho.

Mfano wake uko nyumbani kwa Kendi jioni ileile. Baba, anayefanya kazi Nairobi, anamtumia nyanya pesa kwa M-Pesa, huduma ambayo Safaricom iliianzisha Machi 2007. Simu inatoa mlio: kiasi, tarehe, saa, salio. Hakuna kilichopungua, Shannon angefurahi. Hata hivyo, dakika haijaisha, baba anapiga simu.

"Mama, umepata?"

"Nimepata, mwanangu, asante. Na hiyo sauti ni ya nini? Unaumwa?"

"Hapana, mama, niko sawa."

"Hauko sawa."

Baba alikuwa amepanga kuuliza swali moja tu. Alijikuta akieleza habari ya mafua ambayo hata mwenzake wa chumba hakuwa ameyagundua, huku nyanya akimpa Kendi ishara amletee kiti, maana mazungumzo bado.