Jembe au Nyumba: Mpiga Kura wa Rufiji Anapomchoka Mbunge Wake

Baada ya kila uchaguzi swali moja hurudi, barazani Mbwara kama vile uwanjani kanisani baada ya Misa: kuna faida gani kupiga kura ikiwa mambo yanabaki yale yale? Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kumwondoa mbunge aliyepo. Wengine husema mbunge si tatizo, tatizo ni vyama. Historia ya Rufiji yenyewe inaweza kutusaidia kuyapima majibu haya.

Mwaka 1965 Katiba ya Muda iliifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja, yaani TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar. Hata hivyo Mwalimu Nyerere hakutaka wananchi wabaki na jina moja tu la mbunge. Kwa hiyo, katika karibu kila jimbo la Bara walisimamishwa wagombea wawili, wote wa TANU. Mkutano wa chama wilayani uliwapigia kura walioomba, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walihutubia mikutano ile ile, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini.

Matokeo ya Septemba 1965 yaliwashangaza wengi. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi TANU tangu mwaka 1955 na ambaye jina lake lilijulikana nchi nzima, alikikosa kiti chake hapa Rufiji. Sifa za kupigania uhuru hazikutosha kumrudisha bungeni. Tunajifunza jambo la kwanza: mpiga kura wa kijijini anaweza kumwondoa kiongozi mkubwa bila ghasia, mradi apewe watu wawili wa kweli wa kuchagua na kura yake ihesabiwe.

Lakini kuna jambo la pili. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji, na wakulima wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Watu waliozoea kulima mpunga bondeni, kupanda mlau maji yanapopungua na kulinda mazao wakiwa kwenye madungu, sasa walilazimika kutembea mwendo mrefu kutoka nyumbani hadi shambani. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 1970 wangeweza kuchagua tena kati ya jembe na nyumba, lakini wagombea wote wawili walikuwa wa chama kilekile chenye sera ileile. Walikuwa na uwezo wa kumbadilisha mtu. Uamuzi uliowahamisha haukuwa kwenye karatasi ya kura.

Je, vyama viwili au zaidi vinaondoa tatizo hilo? Si lazima. Mtaalamu wa siasa wa Ufaransa, Maurice Duverger, alieleza kwamba pale ambapo mwenye kura nyingi katika jimbo huchukua kiti chote, watu huogopa kupoteza kura kwa chama kidogo, na mwishowe hubaki vyama viwili vikubwa. Marekani ni mfano. Wananchi wengi husema hawaridhiki na Bunge lao, lakini kwa kawaida zaidi ya wajumbe 9 katika kila 10 wa Baraza la Wawakilishi wanaogombea tena hurudi. Majimbo mengi yana chama kimoja chenye nguvu, na aliyepo ana jina na fedha kuliko mpinzani wake.

Kwetu, Tume ya Jaji Nyalali ilikuta mwaka 1991 kwamba takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na mfumo huo ukaanza mwaka 1992. Lakini sheria inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama, na mbunge akipoteza uanachama hupoteza na kiti. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga katazo la mgombea binafsi kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilimpa haki. Katazo halijaondolewa. Hivyo pale chama kimoja kinapotawala jimbo, ushindani wa kweli huishia kwenye kura za maoni za chama, na asiye na kadi hubaki mtazamaji. Tarehe 29 Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, na siku zile watu walipoteza maisha. Tunaelewa basi kwa nini wengine wamekata tamaa.

Kanisa halituambii tuchague chama gani. Katekisimu (2240) inafundisha kuwa kupiga kura ni wajibu wa kimaadili, na hati ya Mtaguso juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa Desemba 1965, miezi michache baada ya uchaguzi ule, inawakumbusha raia kuitumia kura yao huru kwa manufaa ya wote (75). Mafrateri wakumbuke pia kanuni ya 287: mklero hashiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa. Kazi yake ni kuunda dhamiri, siyo kugawa kofia na kanga.

Tena wajibu wa raia hauishi siku ya kura. Sheria inaweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, na unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Hapo hapaulizwi kadi ya chama wala dini. Mkatoliki anakaa na jirani yake Mwislamu, wanadai kusomewa mapato na matumizi, wanahoji barabara na zahanati. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kuanza na swali dogo: mkutano wa mwisho kijijini kwetu ulifanyika lini, na ni wangapi kati yetu tulihudhuria?