Kukua kwa Benedick, na Neno la Heshima

Mchezo wa Shakespeare uitwao Much Ado About Nothing, maana yake makelele mengi pasipo jambo, ulipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1600. Habari zake ni za Messina, katika kisiwa cha Sisilia. Yumo Benedick, askari mwingi wa mzaha, asemaye kwamba hataoa kamwe. Na mwisho wa mchezo anaoa. Basi kila mchezaji apewaye sehemu hii hukutwa na swali lile lile tangu siku ya kwanza ya mazoezi: mtu huyu amegeuka wapi?

Wengi hujibu upesi kwamba ni bustanini. Huko Don Pedro, Claudio na mzee Leonato, wakijua kuwa Benedick amejificha na kuwasikiliza, wasema kwa kusudi kwamba Beatrice, mpwa wa Leonato, anaugua kwa kumpenda. Naye, aliyezoea kushindana na Beatrice kwa maneno makali kila walipokutana, anasadiki. Watazamaji hucheka sana, na kicheko hicho chaweza kumdanganya mchezaji. Maana sisi twaona ya kuwa hapo Benedick amebadili shauri tu. Kwanza alijivuna kwa kutooa, sasa ajivuna kwa kupendwa. Kujivuna ni kule kule.

Kanisani ndipo penye kazi. Claudio, aliyedanganywa na watu waovu, amkataa bibi arusi wake Hero mbele ya watu wote, kisha atoka pamoja na Don Pedro. Benedick ni askari mwenzao, tena rafiki yao, walakini hatoki. Kitabu hakielezi sababu. Kinachoonekana ni kwamba amebaki, naye ndiye aulizaye hali ya Hero aliyezimia. Jambo lisilo na maneno hupita kwa urahisi katika mazoezi. Lakini mchezaji hana budi kujua miguu yake inakataa kwa nini kuwafuata wenzake.

Yafuata maongezi ya Benedick na Beatrice peke yao, na hapa pana jambo la lugha ambalo tafsiri yetu haiwezi kulichukua. Kiingereza cha siku zile kilikuwa na maneno mawili ya kumwambia mtu mmoja: thou, la mapenzi na mazoea, tena la kumwambia mtumishi, na you, la heshima. Sisi twasema wewe kwa wote, na heshima twaitia katika bwana, bibi na shikamoo. Benedick aanza kwa you. Akiisha kujua kwamba anapendwa kweli, arukia thou kwa furaha, na kusema yu tayari kutenda lo lote. Beatrice ataka jambo moja: amwue Claudio. Akataa. Beatrice awaka kwa hasira, asikitika kwamba si mwanamume, na Benedick ajaribu kumtuliza kwa maneno matamu, asifaulu. Ndipo aulizapo kama rohoni mwake yeye aamini kwamba Claudio amemdhulumu Hero. Na swali hilo aliuliza kwa you. Ajibiwa, aahidi kumwita Claudio wapigane, na neno la heshima lakaa mpaka waagane.

Twaona hapa ndipo akuapo. Claudio na Don Pedro walisema wameona kwa macho yao wenyewe. Benedick alishika neno la mwanamke mmoja asiyeona kitu. Mchezaji akilisema swali lile kwa sauti ya mapenzi laharibika. Afadhali aseme polepole, kama mtu aulizaye njia.

Baadaye awakuta wale wawili, nao wamtania wakimtazamia Benedick wa zamani, wala hacheki. Lakini mzaha haujamwisha mtu huyu, na mchezaji asimfanye mzito mno: ajaribu kutunga shairi la kumsifu Beatrice, na vina vyamshinda.