Seva Isiyojua Njia ya Nje

Seva ya midia ni kompyuta inayohifadhi filamu, muziki na picha za familia mahali pamoja, kisha ikazigawa kwa runinga, simu na kompyuta nyingine zilizomo nyumbani kila zinapoombwa. Kazi hiyo hufanyika katika mtandao wa ndani, yaani mawasiliano yanayopita kati ya vifaa vya nyumba moja kupitia ruta, ama kwa waya ama kwa waifai, bila data kulazimika kutoka kwenda kwa mtoa huduma. Intaneti ni kitu kingine, nayo huingia nyumbani kwa kupitia ruta hiyo hiyo. Na kwa kuwa kifaa kimoja kinabeba kazi zote mbili, watu wengi huamini kwamba waifai na intaneti ni kitu kimoja, hata bando linapokwisha wakasema kwamba waifai imekatika, ilhali runinga na seva zingali zinaonana kama kawaida.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania, Kenya, Uganda na nchi kadhaa jirani. Nyumba yenye filamu zake katika diski yake haina sababu ya kuguswa na tukio kama hilo, ila kwa sharti kwamba programu ya seva isiwe inasubiri idhini kutoka mbali kabla ya kufungua mlango. Plex, kwa mfano, hutegemea akaunti iliyosajiliwa kwa kampuni yenyewe, na ingawa ina sehemu ya kutaja anwani za nyumbani zinazoruhusiwa kuingia bila kuthibitishwa, mpangilio huo hauna budi kufanywa mapema, kabla intaneti haijapotea. Jellyfin, iliyozaliwa Desemba 2018 baada ya waundaji wa Emby, programu nyingine ya aina hiyo, kuacha kuuweka wazi msimbo wao, huhifadhi majina na nywila za watumiaji ndani ya seva yenyewe, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoifaa zaidi seva isiyokusudiwa kutoka nje.

Namna ya kuifungia seva ndani hueleweka vizuri zaidi kwa kuifuata pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, tangu inapoondoka. Kila kifaa kina anwani ya IP, na anwani za nyumbani hutoka katika mafungu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani na waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, ambamo fungu linaloonekana zaidi majumbani ni lile linaloanza na 192.168. Ikiwa seva ina anwani 192.168.1.20 na runinga ina 192.168.1.35, seva huzilinganisha kwa kutumia kinyago cha mtandao, ambacho ni tarakimu zinazoonyesha ni sehemu ipi ya anwani inayotaja mtaa na ni ipi inayotaja nyumba, na ikikuta mtaa ni mmoja humpelekea jirani mzigo wake moja kwa moja. Anwani inayotafutwa ikiwa ya mtaa mwingine, seva huikabidhi pakiti kwa lango, yaani anwani ya ruta, ili ruta ndiyo itafute njia. Basi seva iliyoandikiwa anwani na kinyago kwa mkono, huku nafasi ya lango ikiachwa tupu, huwahudumia majirani wote bila upungufu wowote, lakini ikitaka kutoka hukwama pale pale kwa kuwa haina wa kumkabidhi mzigo. Na hata mgeni wa nje akifaulu kubisha kupitia ruta, kwa kawaida jibu halina pa kupita.

Njia nyingine ni kuiagiza ruta yenyewe, kupitia fayawoli yake, izuie kila kinachotoka kwenye anwani ya seva kwenda nje. Njia hii ina udhaifu wake, kwani amri hiyo hupotea ruta inaporudishwa katika hali ya kiwandani au mtoa huduma anapoleta ruta nyingine, na mwenye nyumba asijue. Kuacha lango tupu nako kunaweza kubatilishwa na yeyote aliyepata mamlaka ndani ya seva. Busara ni kuzitumia zote mbili, na kuzima katika ruta huduma ya UPnP, ambayo huviruhusu vifaa vya ndani kujifungulia katika ruta milango ya kuingilia kutoka nje pasipo kumuuliza mtu.

Katika Linux, amri ya ip route huonyesha njia zote ambazo kompyuta inazijua. Katika kompyuta ya kawaida kuna mstari unaoanza na neno default na kutaja anwani ya ruta. Katika seva iliyofungiwa mstari huo haupo, na hubaki ule wa 192.168.1.0/24, ambao maana yake ni mtaa wa nyumbani peke yake. Wengi huridhika hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu IPv6, mfumo mpya wa anwani, una desturi yake: ruta hutangaza mara kwa mara kwamba yenyewe ndiyo lango, na seva huusikia mwito huo na kuupokea bila kuamriwa. Amri ya ip -6 route ikiandikwa, huenda pakatokea mstari unaosema default via fe80 na kuendelea, na mlango uliodhaniwa umefungwa ukaonekana u wazi. Ni lazima seva izuiwe kupokea matangazo hayo, au IPv6 izimwe kabisa katika kadi yake ya mtandao.

Kufunga lango kunaweza pia kuzua tatizo linalowachanganya hata wazoefu. Runinga nyingi huitambua seva kwa mwito wa pamoja unaopelekwa kwa anwani 239.255.255.250, ambayo si ya kifaa chochote kimoja bali ni ya kundi zima la wanaosikiliza. Programu ya seva isipotaja kadi ya mtandao itakayoutoa mwito huo, Linux huutafutia njia kama pakiti nyingine yoyote, na kwa kuwa lango halipo, mwito hukosa pa kwenda. Filamu zinachezeka kwa aliyeandika anwani, lakini jina la seva halitokei katika orodha ya runinga. Tiba yake ni kuongeza njia moja tu, ya 224.0.0.0/4, inayoelekezwa kwenye kadi ya ndani.

Faida ya mpango huu kwa mtumiaji wa bando ni ya wazi, kwani filamu ya saa 2 inayotiririshwa kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hufikia gigabaiti 7.2, na ndani ya nyumba kiasi hicho hakilipiwi hata kikirudiwa mara kumi. Pia kuna suala la faragha, maana orodha ya mambo ambayo familia huyatazama usiku haina sababu ya kumfikia mtu wa nje.

Kwa upande mwingine, seva iliyofungiwa humwachia mwenyewe kazi ambazo awali zilifanywa kimya kimya na intaneti. Picha za jalada, majina ya waigizaji na mwaka wa filamu huletwa na maghala ya mbali, kwa hiyo ni vyema yapakuliwe kabla ya kufunga na kuhifadhiwa kando ya filamu yenyewe katika faili za maandishi za aina ya NFO, ambazo Jellyfin huzisoma. Kwa video za maulidi na harusi za watoto wa ukoo hakuna ghala lolote linalozijua, na hapo mtu huandika mwenyewe nani alikuwa nani, jambo lenye thamani kuliko jalada lolote la kupakuliwa. Saa nayo hupotea: Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri, hivyo umeme ukikatika usiku kucha, huamka ikiamini kwamba ungali wakati ule ule ilipozimika, na mpangilio wa vilivyoongezwa karibuni ukavurugika; saketi ndogo ya saa yenye betri ya kitufe huliondoa tatizo hilo.

Kubwa kuliko hayo ni masasisho, kwa kuwa kufungiwa hakuiponyi programu yenye kasoro. LastPass, kampuni ya kutunza nywila, ilieleza mwaka 2023 kwamba wavamizi wa mwaka uliotangulia waliingia katika kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja kupitia programu ya midia, na baadaye ikabainika kwamba ni toleo la zamani la Plex, ambalo kasoro yake ilikuwa imerekebishwa tangu Mei 2020. Simu iliyoambukizwa ikiwa nyumbani huifikia seva kama jirani mwingine yeyote. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi seva hurudishiwa lango na kizuizi cha ruta kuondolewa, ikasasishwa, vyote viwili vikarudishwa kama vilivyokuwa, na amri zote mbili za kuonyesha njia zikaandikwa upya, hadi neno default lisionekane katika jibu la hata mojawapo.