Boya la mpiga mbizi halifai kitu lisipokaa mahali pake

MPIGA mbizi anapoibuka kutoka kilindini katikati ya mawimbi, kichwa chake huwa kitu kidogo mno machoni pa nahodha. Kwa mbali hakitofautiani na kifuu cha nazi kinachoelea. Jua likiwa limeinama na maji yakimeremeta, au upepo wa kusi ukiwa umeitibua bahari, mashua inaweza kupita karibu naye bila yeyote kumwona.

Ndiyo sababu wanaozamia kwa mitungi ya hewa hubeba boya la ishara. Boya hili ni mfuko mrefu wa plastiki au wa kitambaa kisichopenyeza hewa, wenye rangi kali ya machungwa, ya waridi au ya manjano. Likikunjwa huenea mfukoni. Likitiwa hewa husimama wima juu ya maji, na mengi huwa na urefu wa kati ya mita 1 na mita 2. Upande wake wa chini hufungwa uzi uliozungushwa kwenye kibiringo, ambacho hubaki mkononi mwa mpiga mbizi.

Kwa kawaida boya hili hupandishwa mwishoni mwa safari ya chini ya maji, mwenyewe akiwa angali kilindini. Linapochomoza, nahodha hujua papo hapo walipo watu wake na huweza kusogea taratibu kuwapokea. Vyombo vingine navyo hupata onyo kwamba chini pana binadamu, ili rafadha zisije zikamkata mtu anayepanda.

Hata hivyo, kununua boya ni jambo moja na kulibeba vyema ni jingine. Lililofungwa ovyo huweza kunasa, kupotea au kukosa kufikiwa saa ya dharura. Wakati mwingine hugeuka lenyewe likawa chanzo cha dharura hiyo.

Bahari haingoji

Mnamo Februari 2014, wanawake saba kutoka Japani walipotea walipokuwa wakipiga mbizi karibu na kisiwa cha Bali, Indonesia. Watano waliokolewa baada ya siku tatu, ilhali mmoja wa wenzao alipatikana akiwa amefariki. Aprili 2022, watu wanne waliibuka baharini karibu na Mersing nchini Malaysia wakakuta chombo chao hakipo. Watatu waliokolewa baadaye, lakini mvulana wa umri wa miaka 14 alifariki.

Kila mkasa wa aina hiyo huwa na sababu zake, lakini yote miwili yanafundisha jambo moja: bahari humhamisha mtu upesi. Mkondo unaokwenda kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, humbeba mpiga mbizi mita 1,500 kwa nusu saa tu.

Katika pwani ya Kenya, nje ya mwamba wa matumbawe, mkondo wa bahari huelekea kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayezama Watamu, Diani au kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti anaweza kushukia mahali pamoja na kuibukia pengine kabisa. Asiyekuwa na ishara hutegemea bahati na macho makali ya nahodha.

Hatari ya kuning'inia

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kulining'iniza boya kwenye pete ya chuma ya jaketi la mbizi, yaani lile jaketi linalojazwa na kupunguzwa hewa ili mtu asizame wala asipae kupita kiasi. Nchi kavu mtindo huo huonekana kuwa rahisi kwa kuwa kifaa ki karibu na mkono. Lakini chini ya maji mpiga mbizi hulala kifudifudi, na chochote kinachoning'inia hubaki kikiburuta chini ya tumbo lake.

Kinachoburuta hakikosi kugonga. Matumbawe ambayo yamechukua miaka mingi kukua huvunjika kwa mguso mmoja, na uzi uliolegea hujizungusha kwenye mwamba, kwenye mapezi ya miguuni au kwenye bomba la hewa. Katika mabaki ya meli hatari huongezeka maradufu. Mathalani, meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi kaskazini mwa Mombasa mwaka wa 2002 ili iwe makao ya samaki, ina vyuma na pembe nyingi za kumnasa asiyejipanga. Mtu aliyenaswa ndani ya chombo kama hicho hutumia hewa yake kupigana na kamba badala ya kurejea juu.

Kosa la pili ni kulificha boya mno. Likisukumwa chini kabisa ya mfuko uliojaa tochi, miwani ya akiba na vikorokoro vingine, mwenyewe hulazimika kuvitoa vyote ndipo alifikie. Vitu hivyo huzama, naye huku akihangaika hupoteza kimo chake majini bila kujua.

Mahali panapofaa

Zipo sehemu tatu ambazo wapiga mbizi wenye uzoefu huzipendelea. Ya kwanza ni mfuko wa jaketi lenyewe. Huu hufaa iwapo ni mpana na zipu yake hufunguka kwa mkono mmoja. Kasoro yake ni kwamba jaketi likijazwa hewa mfuko hubanwa, na kukitoa kilichomo huwa kazi.

Ya pili ni mfuko wa pajani, ulioshonwa kwenye suti ya mpira au kwenye kaptura inayovaliwa juu yake. Mkono huufikia kwa urahisi, nao haubanwi na hewa ya jaketi. Wengi hutia boya na kibiringo humo, kila kimoja kikiwa kimeshikizwa kwa kulabu kwenye kitanzi kilichomo ndani ya mfuko, ili kimoja kikitolewa kingine kisianguke.

Ya tatu ni mgongoni, chini ya mtungi, ambapo boya lililokunjwa hubanwa kwa mipira ya kufungia. Njia hii huacha kifua kikiwa wazi na haiongezi kizuizi mtu anapoogelea. Hata hivyo, humtaka mhusika awe amefanya mazoezi ya kutosha ya kulichomoa na kulirudisha bila kuliona.

Popote lilipo, boya lisifunike mdomo wa akiba wa kuvutia hewa, wala lisizibe kifungo cha kuachilia vizito vya kiunoni. Lifikiwe kwa mkono mmoja bila kutazama, na likae mahali palepale kila siku. Mkono uliozoea huenda wenyewe hata akili inapobabaika.

Namna ya kulikunja

Kabla ya kukunjwa, boya hutolewa hewa yote, kwa kuwa iliyosalia ndani hulifanya lielee na kumsumbua mbebaji. Huanza kukunjwa kutoka ncha ya juu kuelekea upande wenye mdomo wa kutilia hewa, ili hewa iliyobaki isukumwe nje. Kisha hufungwa kwa mpira mmoja unaoteleza kirahisi. Mafundo hayafai kwa sababu huwa magumu kufunguka yakilowa.

Uzi nao uzungushwe kwa mkazo kwenye kibiringo na mwisho wake ushikizwe kwa kulabu. Uzi uliolegea hutoka kidogo kidogo ndani ya mfuko, na anayeutoa kilindini hukuta rundo lililotatizana kama wavu uliotupwa ufuoni. Wapo wanaofunga uzi kwenye boya mapema ili kuokoa muda, na wapo wanaovitenganisha hadi dakika ya kutumia. Njia zote mbili zinakubalika, mradi mhusika amezifanyia mazoezi mahali penye maji tulivu.

Kwa nini makini yote haya

Umuhimu wa kupanga mapema hudhihirika boya linapotiwa hewa. Katika kina cha mita 10, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji. Hivyo, boya lililojazwa nusu hapo hufika juu likiwa limejaa pomoni. Katika mita 20, thuluthi moja tu yatosha.

Hewa hiyo ina nguvu. Boya lenye lita 20 za hewa huvuta kwenda juu kwa takriban kilo 20, sawa na uzito wa debe la maji. Endapo uzi utakwama kwenye kibiringo, au utamnasa mtu kidoleni au kwenye jaketi, atavutwa juu kwa kasi. Anayepanda hivyo huku amezuia pumzi huweza kupasuka mapafu, na gesi iliyoyeyuka mwilini huweza kufanya mapovu yanayoleta maumivu ya viungo, kupooza au hata kifo.

Ndiyo maana hufunzwa kwamba kibiringo kishikwe mkononi na kamwe kisifungwe mwilini, na kwamba kikikwama kiachiliwe mara moja. Boya laweza kununuliwa tena. Kabla ya kulipandisha, mtu hutazama juu kuhakikisha hapana chombo wala mwenzake. Wengi hulipandisha kabla ya kile kituo cha dakika tatu katika mita 5, ili mashua iwe imekwisha kusogea watakapoibuka.

Kabla na baada

Kinga huanza ufuoni. Kabla ya kujitosa, kila mmoja amwonyeshe mwenzake boya lake liliko, na wote wapatane na nahodha kuhusu maana ya rangi. Kuna wanaotumia la machungwa kuonyesha walipo na la manjano kuomba msaada, lakini utaratibu huo haufuatwi kila mahali. Ishara isiyoeleweka na anayeitazama ni sawa na kumpigia kelele kiziwi.

Baada ya safari, boya lisafishwe kwa maji yasiyo na chumvi, litiwe hewa kidogo na kuanikwa kivulini. Uzi ufunguliwe wote ukauke, nazo kulabu zikaguliwe kutu. Chumvi ikigandamana kwenye vali, hewa haiingii inavyotakiwa, na kasoro hiyo hugunduliwa mtu akiwa tayari kilindini.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Kwa mpiga mbizi, tahadhari hiyo huchukua dakika chache kabla ya kupanda mashua: kulikunja boya, kulifunga na kulijaribu mara moja kwa macho yaliyofumbwa. Mkono usipolipata hapo ufuoni, basi halijafungwa mahali pake, na safari na ingoje.