Paja, Nyonga na Goti

Kamba ya kisimani huvuta ndoo, lakini haiwezi kuisukuma. Misuli ya mwili wetu ni vivyo hivyo: kila musuli hujikaza na kuvuta, wala haujui kusukuma. Basi, mguu hukunjwaje, kisha ukanyoshwa tena?

Paja lina misuli mbele na nyuma, nayo huvuta kwa kupokezana. Keti kitini, weka kiganja juu ya paja lako, kisha inua mguu mpaka goti linyoke. Utasikia nyama ya mbele imekuwa ngumu kama ubao. Hiyo ni misuli minne, iunganayo chini katika kano moja nene. Kano hiyo huishika pia ya goti, ikashuka hata kushikamana na mfupa wa muundi. Ikivutwa, goti hunyoka. Sasa shusha mguu, kaza kisigino nyuma kwenye mguu wa kiti, upapase chini ya paja karibu na goti. Utazigusa kano zilizosimama kama nyuzi za zeze, huku na huku. Hizo ni za misuli mitatu ya nyuma, ikunjayo goti.

Lakini misuli hiyo ya nyuma, isipokuwa sehemu yake ndogo, haikuanzia pajani. Imeanzia katika mfupa ule tuukaliao, ikapita nyuma ya nyonga, ikapita na goti. Kwa hiyo ina kazi mbili: hukunja goti, tena hunyosha nyonga. Jaribu kuinama uguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Utaona ugumu nyuma ya mapaja, kwani misuli imenyoshwa juu na chini pamoja. Kunja magoti kidogo, nao ugumu hupungua papo hapo. Wapandao mpunga wanalijua jambo hili bila kufundishwa.

Katika ile minne ya mbele, mmoja tu huvuka nyonga, nao husaidia kuliinua paja. Mwenye kazi kubwa hapo ni musuli mwingine, utokao ndani ya tumbo kwenye uti wa mgongo.

Tena usidhani ya kuwa misuli ya mbele hufanya kazi wakati wa kunyosha tu. Mtu akishuka mlima na mzigo kichwani, ndiyo ilizuiayo goti lisikunjike ghafula. Ndiyo maana kesho yake mapaja humwuma.

Labda umepata kumwona mtu aendaye huku amekaza mkono juu ya paja kila akanyagapo. Watoto wengine humcheka, wakidhani ni mazoea mabaya. Yamkini polio ilimpata utotoni, ikaharibu mishipa ya fahamu iletayo amri kwenye misuli ile ya mbele. Misuli ikanywea, wala hakuna kitu cha kulizuia goti lisikunjike. Basi mkono hulisukuma paja nyuma, goti likanyoka, mifupa ikasimama mmoja juu ya mwenziwe kama nguzo, naye akapata kuuinua mguu wa pili.