Bima ya Matunzo na Nguvu za Mzee: Fundisho la Japani

Ni wajibu wa nani kumtunza mzee asiyejiweza: familia yake au jamii nzima? Nchini Japani, kwa muda mrefu mzigo huu waliachiwa wanawake wa nyumbani, hasa wake wa wana. Wazee wengine walikaa hospitali miezi mingi kwa sababu tu ya kukosa mtunzaji. Mtu akilazwa bila kutembeshwa, misuli hulegea na viungo hukakamaa. Ni dhahiri basi kwamba ulemavu mwingine hauletwi na uzee wenyewe. Huletwa na matunzo mabaya.

Mwaka 1997 nchi hiyo ilipitisha sheria ya bima ya matunzo, ikaanza kutumika Aprili 2000. Kila mkazi hutoa mchango kuanzia umri wa miaka 40. Michango hulipia nusu ya gharama za mfuko, na kodi hulipia nusu nyingine. Mzee wa miaka 65 au zaidi anayehitaji msaada hupimwa: je, aweza kusimama, kuoga, kula, kukumbuka? Kisha huwekwa katika daraja. Hapewi fedha mkononi. Hupewa huduma, naye huchangia asilimia 10, au zaidi kama kipato chake ni kikubwa.

Lakini ndani ya mpango huu mna ukinzani. Kadiri ulemavu unavyozidi, ndivyo kiwango cha huduma zinazolipiwa kinavyopanda. Mzee akipata nafuu daraja lake hushuka, na kituo kilichomsaidia hupungukiwa mapato. Tena, mtumishi anayemfanyia mzee hata yale anayoyaweza, humpokonya nguvu zake kwa jina la wema.

Ili kukabili tatizo hili, mageuzi yaliyoanza Aprili 2006 yalitilia mkazo kinga. Madaraja yakawa saba. Mawili ya chini ni ya wazee wenye udhaifu mdogo, ambao walipangiwa mazoezi ya viungo, lishe bora na usafi wa kinywa ili wasidhoofike zaidi.

Makada na wanafunzi tuzingatie mambo mawili. Kwanza, matunzo ya wazee yanaweza kupangwa na kuchangiwa na wote, badala ya kumwelemea mwanamke mmoja jikoni. Pili, wingi wa fedha si kipimo cha mafanikio. Mpango wowote wa namna hii tuupime kwa swali moja: je, mzee huyu leo aweza kuinuka mwenyewe kitini?